Eli, msiufunge huo mchoro bado

Moshi, Jumapili jioni

Kaka Eli,

Habari za Njiro? Huku wazima. Mama Gloria anakusalimia na sufuria yake bado anaidai, usiseme sikukwambia.

Nakuandikia mbio kwa sababu Shayo anasema mchoro wa chipu ya ile amplifaya ya themokapo (kipimajoto cha waya mbili kinachotoa volti kulingana na tofauti ya joto la ncha zake) mnautuma kiwandani wiki ijayo. Naomba msiufunge bado. Nimeupitia wote, na wazo ni zuri, lakini ile ofuseti (kosa la volti linalobaki hata ingizo likiwa sifuri) ya maikrovolti 8 mliyoishangilia ni ya kwenye kompyuta tu. Ngspice, programu yenu ya kuiga saketi, imechukulia kwamba transista mbili za kuingilia zimefanana kabisa. Zikitoka kiwandani hazifanani.

Piga hesabu na wewe. Tangu Pelgrom na wenzake waandike mwaka 1989, kanuni ni ileile: tofauti ya kizingiti (volti inayoiwasha transista) kati ya transista mbili hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo lake. Kadiria milivolti 4 kwa eneo la maikromita 1 ya mraba. Transista zenu za kuingilia zina upana wa maikromita 100 na urefu wa 1, yaani eneo 100, kwa hiyo tofauti ya kawaida ni milivolti 0.4. Sasa themokapo ya aina ya K inatoa kama maikrovolti 41 kwa nyuzi moja. Milivolti 0.4 ni nyuzi 10! Mzee Massawe akikaanga kahawa kwa kipimo kinachodanganya nyuzi 10 mtaisikia harufu yake mpaka Sakina.

Na hapo sijazigusa transista za mzigo (zile zinazopokea mkondo wa za kuingilia), ambazo ndizo zimenifanya nishike kalamu. Mmeziweka upana 16, urefu 1. Kwa mkondo wa maikroampia 0.5 zinafanya kazi chini ya kizingiti kama zile za kuingilia, gm yao (mkondo unavyobadilika kwa kila volti ya ingizo) inakuwa karibu sawa, takriban maikrosimensi 12.5. Matokeo yake kutolingana kwao kunarudi kwenye ingizo karibu kote: eneo ni 16 tu, kwa hiyo ni milivolti 1 nzima. Zigeuze, kaka. Upana 1, urefu 16. Eneo lilelile, mkondo uleule, ila sasa ziko juu ya kizingiti kwa volti 0.25 hivi, gm inashuka hadi 4, na ile milivolti 1 inarudi kwenye ingizo ikiwa 0.3. Kelele nayo inapungua bila kulipia eneo wala mkondo. Utapoteza nafasi kidogo ya volti, lakini kwenye umeme wa volti 1.8 ipo. Wanafunzi wengi hulisha transista zote chakula sawa; ya kuingilia ndiyo inayotakiwa kuwa na gm kubwa, ya mzigo inatakiwa iwe nayo ndogo.

Hata hivyo bila chopa, zile swichi zinazopindua ishara huku na huku ili ofuseti ijifute, hamfiki. Endesheni kwa kilohezi 5, si 50, maana kila swichi inapofunga humwaga chaji kidogo, na kadiri mnavyobadili mara nyingi ndivyo ofuseti inavyojirudisha kwa mlango wa nyuma. Swichi ziwe ndogo kabisa. Saa yake ipatikane kwa kugawa kilohezi 10 kwa mbili, ili nusu zote mbili za mzunguko zilingane sawasawa. Chopa ya pili ikae kabla ya kapasita ya Miller (ile inayotuliza amplifaya), na iwe upande ambao ofuseti ya transista za mzigo nayo inapinduliwa. Mkiiweka kati ya zile za kuingilia na za mzigo, za mzigo zitabaki na makosa yake yote, na tutakuwa tumerudi palepale.

Mtabaki na mawimbi kwenye pato. Milivolti 0.4 mara gm ya 12.5 ni nanoampia 5; ikijaza pikofaradi 10 kwa maikrosekunde 100 unapata milivolti 50. Msihangaike na chujio kubwa. Chukueni wastani wa sampuli kwa mizunguko kamili ya chopa, yatafutana yenyewe.

Shayo na maikroampia zake! Mwambie betri ya CR2032 ina kama miliampia-saa 220. Kwa maikroampia 2 hiyo ni zaidi ya miaka 12 kwenye karatasi. Kushusha hadi 1 hakumsaidii mtu. Akabane regyuleta kwanza.

Jambo la mwisho, saketi ya bayasi, ile inayozipa transista mkondo wake. Rezista ya kilohomu 108 na uwiano wa 8 kati ya transista zake ni sawa, inatoa maikroampia 0.5 vizuri, lakini sikuona cha kuiamsha. Saketi ile ina hali mbili za kutulia, na moja ni mkondo sifuri. Simulesheni ya DC hukuchagulia ile nzuri. Chipu halisi inaweza kulala moja kwa moja. Pandisha umeme kutoka volti 0 hadi 1.8, mara moja kwa milisekunde 1 na mara nyingine kwa sekunde nzima, kwenye nyuzi −40, 27 na 85, kona zote za kiwandani (transista za haraka na za polepole).

Sasa nijibu. Monte Carlo (simulesheni inayobahatisha tofauti za transista) mmeendesha hata mara 200, au mmeona kona ya kawaida, tt, tu mkaridhika? Transista za kuingilia mmezipanga kwa kupishana, A B B A, na za bandia (zisizofanya kazi) pembeni? Joto la upande wa baridi wa themokapo mnalipima na nini, au mmelisahau? Na Aneth anakuja huku lini, nimpe ile flashi yenye mafaili ya bayasi, au nikutumie usiku huu bando likiruhusu?

Ndimi,
Godi

Sufuria, Eli.