Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mahema, Viti na Dawa ya Watoto

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa huu wa damu wa kurithi,

Salaam aleikum, na kwa wengine Bwana asifiwe. Nawashukuru mliofika. Nimehesabu vichwa kabla ya kusimama: tuko 38, na chama kina wanachama 84. Wasiofika wataisoma taarifa hii kwenye simu, na nina hakika baadhi yao ndio watakaokuwa wa kwanza kuijibu.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Ramadhani na mwezi ule wa mvua kubwa. Tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani, tulitembea kutoka Barani hadi mjini tukiwa na fulana zile zile za mwaka juzi. Tulihamasisha watu kutoa damu mara mbili. Tulizuru waliolazwa. Tulizika watoto wawili, na wazazi wao wako nasi hapa leo. Mungu aendelee kuwapa subira. Kumbukumbu nyingine ziko kwa katibu.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo, tusidanganyane, ndilo lililowaleta wengi wenu.

Suala la mahema

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba shilingi 168,000 za harambee zinunue mahema mawili na viti 100 vya plastiki, tuvikodishe kwenye harusi na matanga ili chama kipate kipato chake. Azimio lilikuwa halali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika, kwa mkono huu. Fedha hizo hazikununua hema wala kiti. Zilinunua haidroksiyurea, dawa hii tunayoiita haidroksi, pamoja na vipimo vya damu, kwa watoto 17 kwa miezi sita. Hesabu yake ni shilingi 1,600 kwa mtoto kwa mwezi, dawa na kipimo pamoja, jumla 163,200. Zilizobaki ni 4,800.

Nimeitwa mwizi. Nimeitwa dikteta. Kwenye kundi la WhatsApp kuna aliyeandika kwamba mwenyekiti amegeuza watoto wa Malindi kuwa panya wa maabara. Wazee walisema msema pweke hakosi. Basi leo sisemi peke yangu, nasema mbele yenu, na atakayenikosoa anikosoe hapa, si kahawani.

Kwanza, utaratibu. Ni kweli kubadilisha azimio kunahitaji mkutano. Mkutano niliuita. Mara ya kwanza mlikuja 19. Mara ya pili mkaja 11, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuuliza kama kuna chai. Akidi ya mkutano wa namna hiyo ni nusu ya wanachama. Katiba yetu inasema akidi ikikosekana mara mbili, kamati iamue. Kamati ina watu saba. Watano waliunga mkono, mmoja alinyamaza, na mweka hazina alipinga kwa maandishi. Barua yake nimeiambatanisha kwenye faili bila kuondoa hata nukta, ingawa kuna maneno ndani yake ambayo mtu wa umri wake angeweza kuyaacha.

Pili, kwa nini haidroksi. Mimi si daktari. Nimekuwa karani wa ushirika miaka 26, na karani anachojua ni kusoma hesabu za watu wengine. Lakini nilikwenda Kilifi mara mbili, kwa nauli yangu, nikakaa chini na wenye kujua, nikauliza mpaka wakachoka. Niliyoyapata ni haya.

Mtoto wa selimundu akizaliwa huwa haumwi. Kila mama hapa anakumbuka miezi ile ya mwanzo, mtoto amenona, hakuna anayeshuku kitu. Sababu ni kwamba mtoto mchanga bado ana himoglobini, yaani kile chekundu kinachobeba oksijeni kwenye damu, aliyotoka nayo tumboni, na hiyo haifanyi chembe nyekundu zijikunje kama mundu. Kadiri miezi inavyosonga inapungua, inaingia ile aliyorithi kwa wazazi wawili, na hapo ndipo mikono na miguu inaanza kuvimba. Haidroksi inachofanya ni kuuamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini ya uchanga. Hakuna uchawi ndani yake.

Kuna aliyesema kwamba haidroksi ni dawa inayotumika kwa saratani ya damu. Aliyelisema hilo hakusema uongo. Ila Marekani waliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu tangu 1998, na kwa watoto 2017. Dawa moja kutibu magonjwa mawili si jambo la ajabu. Aspirini mnameza ya kichwa na mzee anameza ya moyo.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa nyingine, nayo naiheshimu, kwa sababu hata madaktari walikuwa nayo. Haidroksi hupunguza chembe nyeupe za damu, na hizo ndizo askari wa mwili. Ulaya na Marekani mtoto akipungukiwa na askari kidogo anaweza kuvumilia. Huku kwetu kuna mbu. Watu waliogopa kwamba ukimpa mtoto wa Afrika dawa hii, utamwokoa na maumivu ya mifupa kisha malaria imwue. Kwa miaka mingi hofu hiyo ilichangia watoto wetu kunyimwa dawa ambayo wa ng'ambo walikuwa wakiimeza.

Basi ikabidi ijaribiwe huku huku. Kampala walifanya hivyo kwa watoto zaidi ya 200, nusu wakapewa haidroksi na nusu vidonge visivyo na dawa, na matokeo yakatoka 2017: malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti mkubwa, Luanda, Kinshasa, Mbale, na Kilifi yetu hii, mwendo wa matatu kutoka hapa. Watoto 606 walipewa dawa, wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi. Ulichapishwa mwaka 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, malaria ilishuka kutoka mara 46.9 hadi 22.9. Matukio ya maumivu yalitoka 98.3 yakawa 44.6. Kuongezewa damu kulitoka 43.3 kukawa 14.2. Vifo vilitoka 3.6 vikawa 1.1.

Nitarudia hiyo ya mwisho kwa sababu najua mnazungumza huko nyuma. Vifo. Kutoka 3.6 hadi 1.1.

Mwanachama mmoja, mwalimu, aliniandikia kwamba utafiti huo wa pili haukuwa na kundi la vidonge vitupu, walilinganisha watoto na hali yao wenyewe kabla ya dawa. Ni kweli, na nimempongeza kwa kusoma. Lakini wa Kampala ulikuwa nalo kundi hilo, na kwenye jambo lililotutisha, yaani malaria, hakuna uliosema dawa imeizidisha.

Kuna suala la askari wale pia, yaani chembe nyeupe. Dawa hii haimezwi kama panadoli. Damu ipimwe kila mara, chembe zikishuka sana dawa isimamishwe, zikipanda irudishwe. Ndiyo maana fedha zilikwenda kwenye vipimo na si vidonge peke yake, na ndiyo maana nilikataa shauri la wale waliosema tununue vidonge tu, tugawane kwa watoto wote tukiwa na daftari la karani. Kati ya watoto 17, wawili walisimamishwa kwa muda kisha wakarudishwa. Huo ndio utaratibu unavyotakiwa kwenda. Mmoja wa wazazi hao wawili alitangaza sokoni kwamba mtoto wake amelishwa sumu. Mtoto huyo leo yuko nje hapo anapiga mpira. Mnaweza kumwona dirishani.

Na je, watoto wetu 17 wamefaidika? Katika miezi sita walilazwa mara nne, wote kwa pamoja. Mngetaka niseme awali walilazwa mara ngapi. Sina daftari la awali, kwa sababu nilipoomba kila mzazi aandike tarehe za kulazwa, mwaka juzi, watu wanne ndio walioandika. Kwa hiyo sitasema kitu nisichoweza kukithibitisha. Lakini mama mmoja wa Kakuyuni ameniambia mwanawe amemaliza muhula mzima bila kukosa shule hata wiki moja, na hilo halijawahi kutokea tangu aanze.

Sasa lile la mwisho, linalosemwa nikipita. Ndiyo, mjukuu wangu yumo kwenye wale 17. Yumo, na sifichi. Orodha haikutoka kwangu. Ilitoka kwa wahudumu wa kliniki, kwa kuangalia nani ameshikwa na maumivu mara nyingi zaidi na nani ameongezewa damu mara nyingi zaidi. Mjukuu wangu alikuwa wa tisa. Baada ya kelele kuanza, nimerudisha shilingi 9,600 za sehemu yake, na risiti iko kwa mweka hazina, ambaye aliipokea bila kusema neno. Nimerudisha si kwa sababu nilikosea. Nimerudisha ili tuzungumze mengine.

Ni vema pia nimalize uvumi mmoja, maana umeshaleta hasara. Kuna baba aliyeacha kumtungikia mtoto wake neti kwa kusikia kwamba watu wa selimundu hawapatwi na malaria. Anayekingwa ni yule aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, yaani wengi wetu sisi wazazi. Jambo hilo lilianza kuonyeshwa na mtafiti Allison mwaka 1954, na Kilifi wamelipima: kinga dhidi ya malaria kali inafikia kama asilimia 90. Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni kinyume chake. Malaria ikimpata, damu aliyo nayo kidogo inaisha, na tunakutana hospitali usiku tukitafuta wa kuchangia. Huyo ndiye wa kulala ndani ya neti kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Na wengu wake huharibika mapema, kwa hiyo vijidudu vya kichomi vikiingia kwenye damu havina wa kuvizuia. Hili nalo lilipimwa Kilifi, likachapishwa 2009: hatari ya mtoto wa selimundu kupata vijidudu kwenye damu ni zaidi ya mara 20 ya mtoto mwingine. Ndiyo maana tunapiga kelele kuhusu penisilini ya kila siku mpaka afike miaka mitano, na chanjo ya kichomi ambayo nchi hii inaitoa tangu 2011. Chanjo hiyo ni ya bure. Kwa hiyo sielewi mzazi ambaye ana nguvu ya kunitukana kwa sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp, ila hana nguvu ya kufika zahanati na kadi ya mtoto.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusitafute ile tiba ya vinasaba inayoponya kabisa. Ipo. Uingereza na Marekani waliiruhusu mwishoni mwa 2023, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mfuko wetu leo una shilingi 20,940, pamoja na zile 9,600 zangu.

Ada na mahudhurio

Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, yaani mia moja kwa mwezi. Waliolipa yote ni 31. Waliolipa kidogo kidogo ni 22. Ambao hawajalipa hata shilingi ni 31. Tulitarajia 100,800, tumepata 47,050. Wakati wa kupinga uamuzi wa kamati, niliwahesabu waliopinga kwenye simu: 14. Kati yao, tisa wamo kwenye wale 31 wa mwisho. Sitawataja. Wanajijua, na sasa wanajua kwamba nami najua.

Mtu akiniambia fedha za mahema zingezaa, namuuliza nani angebeba viti. Tulipoitisha watu wa kusafisha ukumbi huu jana, walikuja mimi, katibu na mama mmoja kutoka Muyeye aliyekuja na ufagio wake. Katibu ana mgonjwa nyumbani na bado alikuja.

Mwaka ujao

Kamati inatumaini kuendelea na watoto wale 17 na, Mungu akipenda, kuongeza wengine. Tunatumaini kuzungumza na wakuu wa kaunti ili dawa iwe inapatikana karibu na bila malipo. Mahema hatujayasahau; fedha zikipatikana tutaangalia. Kuna pia wazo la watoto wachanga kupimwa mapema wanapozaliwa, ambalo naona lina maana, na litajadiliwa.

Uchaguzi wa viongozi ni ajenda ya saba. Nimesikia kuna watatu wanaokitaka kiti hiki. Nami jina langu nimelirudisha, kwa sababu watoto wale wana dozi hadi mwisho wa mwezi huu tu, na nataka kuwa nimekaa hapa mtakapoamua kama wataendelea.

Daftari la mapato, risiti zote na barua ya mweka hazina viko juu ya meza. Kalamu ya ada iko kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Malindi