Magoti ya Mama na lile daraja

Shoga angu,

Habari za Mwanza na wanao hawajambo? Sisi huku Kimara wazima, Mama anakusalimia sana, na yeye ndo kanifanya nikuandikie usiku huu maana usingizi umegoma.

Unakumbuka barabara yetu ya Morogoro ilivyokuwa, unavuka fasta na stori mnaendelea nayo ng'ambo. Sasa tangu waipanue Kimara mpaka Kibaha ni njia nane, kilomita 19 na ushee, foleni imepungua na kwa hilo nashukuru, ila sisi wa miguu ni kama tulisahaulika. Kliniki ya presha ya Mama iko upande wa pili. Juzi nikasema leo hatuvuki chini, nampitisha darajani, lile la waenda kwa miguu, hata kama ni mzunguko, tukatembea na jua lile la saa saba, tukafika, tukaanza ngazi. Kapumzika mara tatu. Ile ya tatu kashika bomba kwa mikono miwili, anajifuta uso na pindo la khanga, miguu inatetemeka naiona kabisa, akaniambia mwanangu kesho kutwa usinilete huku, bora nisubiri magari yapungue nivuke na wenzangu. Nilishindwa kumjibu, maana hao wenzake ndo haohao tunaowasikia kila siku kagongwa, kagongwa.

Kushuka ng'ambo tukamkuta kijana mmoja wa kiti cha magurudumu. Bodaboda wawili wamembeba yeye, wa tatu kabeba kiti kichwani, na ni vijana wema kweli Mungu awabariki, lakini yule kaka alikuwa anaangalia pembeni muda wote, hataki kukutana macho na mtu. Mtu mzima anabebwa kama gunia ili avuke barabara ya mtaani kwake! Iliniuma mpaka leo.

Watu wanasema Wabongo wabishi, daraja lipo na bado wanapita chini. Hata mimi nilikuwa nasema. Sasa hebu fikiria mama ana ndoo ya dagaa kichwani na mtoto mgongoni, umwambie atembee mpaka kwenye daraja, apande, ashuke, halafu arudi tena mwendo uleule kufika pale alipokuwa anapaona kwa macho, atakuelewa? Na usiku likiwa giza ndo kabisa, dada zetu wakitoka kazini wanaogopa vibaka kuliko magari. Manzese mbona watu wanapanda, tangu sisi na sare za shule, konda anaita Darajani Darajani, kwa sababu limekaa palepale miguu ya watu inapopita. Kwanza uangalie watu wanavukia wapi, ndo uweke daraja hapo, na liwe na mteremko wa kupanda taratibu sio ngazi tu, na taa zinazowaka.

Na sio kila sehemu panataka daraja. Kuna jamaa wa Amend, shirika la usalama barabarani, walifanya kazi kwenye shule za hapa Dar, wakaweka matuta, zebra, vinjia vya miguu, hata geti la shule linahamishwa watoto wasitokee moja kwa moja barabarani, vitu vya hela ya kawaida tu, na 2019 wakapata tuzo kubwa ya kimataifa kwa kazi hiyo. Gari likipunguzwa mwendo mtoto anavuka chini bila shida. Ila kwenye njia nane, shoga, hapo tuta halitoshi, hapo tunataka daraja la maana.

Jumamosi kuna mkutano wa serikali ya mtaa na nimeamua nitasimama kuongea, mimi niliyekuwa nakaa nyuma siku zote. Sasa nisaidie kitu. Si mnalo daraja la miguu la Furahisha hapo kwenu, lile alilozindua Magufuli 2017, nenda na bibi yako siku akiwa na nguvu, mtembee nalo kwa mwendo wake yeye sio wako. Mhesabie dakika, uangalie anashika wapi, anasimama wapi, kisha muulize kesho angerudi kupita hapo au angepita chini. Upite tena saa mbili usiku uone kama taa zinawaka. Halafu nirekodie bibi mwenyewe akijibu, voisi tu inatosha, nitumie kabla ya Ijumaa.

Mama kaamka anauliza naandika nini, nimemwambia nakuandikia wewe, kasema ulete sato ukija.

Mwenzio wa Kimara