Kwa vijana mnaopiga picha Sanamu ya Askari

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita niliwakuta mnapiga picha pale Posta, Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha Samora. Mlipendeza, na mmoja wenu alinipa shikamoo nikafurahi. Lakini mwenzenu alikuwa amekaa juu ya msingi wa sanamu, miguu inaning'inia mbele ya maandishi, chupa ya soda pembeni yake. Nilipomwambia ateremke akanijibu, "Babu, si mambo ya wakoloni haya?" Mkacheka wote. Neno hilo sijalala nalo vizuri.

Ni kweli, Waingereza ndio waliomsimamisha askari huyu mwaka 1927, mahali walipong'oa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Hapo sibishani. Ila maandishi yale ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza mmewahi kuyasoma? Yanawataja wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

Alichukuliwa shambani, hakujitolea. Utosini alikuwa na kipara cha duara, pale kata ilipokaa. Nikiwa mtoto nilikipapasa kwa kidole, kigumu kama kisigino. Vita hakuvisimulia. Alichosema ni kwamba wenzake wengi hawakufa kwa risasi; walimalizwa na njaa, homa na kuhara damu, wakaachwa njiani, mzigo ukahamia kichwa kingine. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kula bila kubakiza tonge moja sahanini. Bibi alikuwa haliondoi mpaka asubuhi.

Makumi ya maelfu walikufa hivyo. Na maandishi yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Haya, izungukeni sanamu nzima mlitafute jina la mpagazi mmoja. Halipo. Na juu pale amesimama askari peke yake! Nairobi angalau mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Hapa kwetu ameachiwa neno, Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichokaa pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Kila siku mnakwenda kununua viatu na simu palepale walipolala watu hao, na hakuna aliyewaambia.

Kosa hilo ni letu, wazee na walimu. Tuliwakaririsha miaka ya Vita Kuu, 1914 hadi 1918, kana kwamba ni habari ya Ulaya peke yake, tukanyamaza kuhusu vijiji vyetu vilivyonyang'anywa chakula na wanaume. Nchi inayojua tarehe za wageni na haijui waliobeba mizigo yao, mimi inanitia uchungu. Msiendelee tulipokosea.

Picha pigeni, siwakatazi. Msipande juu ya msingi. Chupa zenu ondokeni nazo. Waulizeni bibi zenu nani alichukuliwa asirudi, na majina hayo myaandike wiki hii, maana sisi tunaoyajua tunapungua.

Na yule mjukuu wangu wa soda, sina kinyongo naye. Jumamosi asubuhi huwa nakaa kivulini, ng'ambo ya barabara. Aje anishike mkono tuvuke, anisomee yale maandishi. Macho yangu siku hizi hayayafikii.