Cha juu cha madalali ndo kinaozesha nyumba zetu Mwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi nyumba zinazokaa sokoni hapa Mwanza mpaka zinaota majani. Pita Nyasaka, Kiseke, Buswelu, rudi mpaka Nyegezi na Buhongwa, utakuta nyumba nzuri tu imepigwa kufuli, namba ya dalali ukutani imeshafutika kwa jua na mvua, na majirani wameshaanza maneno, eti ile nyumba ina mkosi, ina majini, aliyejenga alizika kitu. Mimi nasema hakuna majini pale. Kuna cha juu, ile hela dalali anayoongeza kimya kimya juu ya bei ya mwenye nyumba.

Wenye nyumba wengi hawajui kinachoendelea nyuma ya mgongo wao. Unampa dalali bei yako, tuseme milioni 60, na umeshakubali kumlipa asilimia 5 yake, yeye akitoka getini anamwambia mteja 70, anampasia mwenzake na yeye anaweka chake inakuwa 75, wa tatu alishapiga picha siku nyingi anairusha kwenye magrupu ya wasapu kwa 68. Sasa mteja anayetafuta kwa hela ya jasho lake, labda mafao yake ya kustaafu, anaona geti lile lile, mwembe ule ule, bei tatu. Lazima ahisi utapeli. Na ana haki ya kuogopa maana mji huu huu kuna kuta zimeandikwa kwa rangi NYUMBA HII HAIUZWI, na mtu haandiki vile kwa kujifurahisha, anaandika kwa sababu wapo watu wanauza nyumba za wenzao wakiwa safarini.

Sisi yametukuta. Nyumba ya marehemu mama Nyasaka, tulikaa ndugu wote pamoja na baba mdogo, tukakubaliana bei moja, na kaka yetu mkubwa ambaye mahakama ilishampa usimamizi wa mirathi ndo akawa msemaji. Madalali wakawa wanaleta wateja, na wateja wenyewe wanatozwa hela ya kuonyeshwa, wanazunguka vyumba vyote, wanasifia, wanasema ntawapigia, halafu kimya. Huku nyumba inachoka. Nyumba isiyolala mtu inachoka haraka jamani. Popo waliingia darini mkojo wao ukatoa madoa ya kahawia kwenye silingibodi ya sebuleni, mchwa wakapanda fremu ya mlango wa jikoni kimya kimya chini ya rangi, kwa nje unaona mbao nzima kumbe ndani imebaki unga. Kuna mteja alikuja na fundi wake, yule fundi akabonyeza pale kwa kidole gumba, kidole kikazama. Hakusema neno, akamwangalia tu bosi wake, wakashukuru wakaondoka.

Mwisho wa siku aliyeinunua ni mzee mmoja wa mtaa wa pili tu. Alikutana na kaka msibani akamuuliza mwenyewe, hivi kweli ile nyumba ya mama yenu mnataka bei ile? Kaka akamtajia bei yetu, mzee akashangaa, kumbe muda wote anatajiwa milioni 12 zaidi. Alikuwa anaitaka tangu mwanzo kwa ajili ya kijana wake. Fikiria hapo, mnunuzi anaishi umbali wa kutupa jiwe na nyumba inaliwa na mchwa kwa sababu ya tamaa ya mtu mmoja katikati.

Simaanishi kwamba wauzaji wote wanaonewa. Kuna watu wanapanga bei kwa uchungu, anahesabu kila tofali, kila trip ya mchanga, na miaka aliyolala njaa akijenga, anajumlisha. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ndo kabisa, mtu nyumba yake iko ndani ndani huko Usagara na yeye anataka bei ya daraja. Mnunuzi hanunui uchungu wako. Anauliza gari linafika mpaka mlangoni? Maji yanatoka? Hati ipo? Hapa kwetu na haya mawe swali la gari peke yake linatosha kuua biashara, dalali anasema kwenye simu linafika bila shaka, mteja akija anaachishwa gari chini anapandishwa mawe na viatu vyake vya ofisini, akifika juu hasira zimeshamjaa hata hiyo nyumba haioni.

Na makaratasi, ndugu zangu, yawe tayari kabla ya kutangaza. Baba anateremka stendi anatafuta mteja wakati mama yuko ndani anapika hana habari, na Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako. Mteja mwenye wakili atalijua hilo na atakimbia. Kodi ya asilimia 10 ya faida nayo watu wanaisikia siku ya kuhamisha hati, mauzo yanakwama miezi.

Ombi langu kwa Jiji na Manispaa ya Ilemela ni dogo. Wathamini, wale wanaokadiria thamani ya nyumba, wana sheria yao tangu 2016 na bodi inayowasajili, kwa nini dalali anayeshika nyumba ya mjane awe ni namba ya simu tu? Aandikishwe ofisi ya mtaa kwa jina na kitambulisho, bei ya mwenye nyumba iandikwe na isainiwe, na mteja awe na haki ya kuiona hiyo karatasi kabla hajatoa hata mia. Vijana wa udalali wana familia, sina nia ya kuwanyima ridhiki, na asilimia 5 ya nyumba iliyouzika ni hela nzuri sana.

Wenyeviti wa mitaa mnaosoma barua hii, msisubiri waraka kutoka juu. Anzeni na daftari la kaunta na peni, mwiteni kila dalali anayezunguka mtaani kwenu aandike jina lake na nyumba alizopewa.

Msomaji wako,
Nyasaka, Mwanza