Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: ukaguzi usitukute tukikimbizana na mafagio

Wanachama wenzangu, dada zangu na kaka zangu wa saluni, kinyozi na spa, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Mahesabu ya pesa mtayasikia kwa mweka hazina, mimi nitasema la ukaguzi maana ndilo lililotunyima usingizi mwaka huu.

Mwajua ilivyokuwa. Ujumbe unaingia kwenye grupu, "wale wa afya wako Kongowea", basi hapa Mombasa kuanzia Nyali mpaka Likoni ni mafagio tu, taulo chafu zinasukumwa chini ya kochi na wasichana wa kazi wanaambiwa wavae aproni ambazo hazijatoka kabatini tangu Idi. Jamani, afisa akiingia haangalii sakafu. Nilikuwepo kwa mwanachama mmoja Majengo nikaona kwa macho yangu, afisa alichukua mashine ya kunyolea, akafungua jino kwa bisibisi, akaligonga juu ya karatasi nyeupe. Zikadondoka nywele za siku kadhaa, na kiganda cha damu kavu kama punje ya mtama. Hakuna aliyesema neno mle ndani. Virusi vya hepataitisi B, ule ugonjwa wa ini, vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, sasa hesabu mwenyewe wateja wangapi wanakalia kiti kimoja ndani ya siku 7.

"Lakini mwenyekiti si tuna boksi", ndo jibu ninalopata kila mahali. Ile boksi ya taa ya bluu. Nataka tuelewane hapa, taa ile hata iwe ya kweli ya kuua vijidudu inaua pale mwanga unapogusa tu, chini ya nywele haifiki, upande wa nyuma wa kitana haifiki, na nyingi zinazouzwa huko madukani ni rangi ya bluu tu hazina lolote. Ni kabati la kuwekea vitu vilivyokwisha safishwa, basi. Kinachosafisha ni brashi, sabuni na maji kwanza, halafu Jik, ile dawa ya klorini. Ile ya 3.5%, kipimo kimoja kwa maji vipimo 6, loweka dakika 10, suuza, kausha kabisa, na uchanganye upya kila asubuhi maana ya jana imeshalala. Usizidishe muda, chuma kitashika kutu, na sisi tunaotumia maji ya kisima yenye chumvi kutu haitusubiri. Najua mfereji ukikauka wiki nzima mtu ananunua maji kwa mtungi na inauma, hilo nimelifikisha kwa wahusika na sijachoka kulifuata, lakini kukosa maji hakumfanyi mteja asipate ugonjwa.

La piko nalo, ile hina nyeusi ya kuchora. Hina halisi haiwi nyeusi tititi, ile nyeusi ni rangi ya nywele, ina PPD, kemikali ya kutia weusi, na Ulaya hata kwenye nywele wameiwekea kikomo cha 2% na kuipaka kwenye ngozi hawaruhusu kabisa. Nilimuona bibi harusi mikono imetoa malengelenge kufuata maua yaleyale aliyochorwa, yaani ua kwa ua, na wiki ile ndo harusi. Mwenye kuchora piko kwa watalii ufukweni au kwa maharusi, nakuomba uache.

Sasa kuna mwanachama wa spa aliniuliza kuhusu kuleta kitanda cha kuota jua la taa, kile mtu analala chini ya taa ngozi ibadilike rangi, kwa ajili ya wageni wa hoteli, akitaka kujua mkaguzi atataka nini. Nilimjibu hivi: saa ya kujizima yenyewe, miwani ya macho kwa kila mteja, kioo kinafutwa kila akitoka mtu, balbu za aina iliyoandikwa kwenye mashine na si yoyote ile, waya wa ardhi umefungwa na fundi anayejua, na daftari la nani kalala dakika ngapi. Chini ya miaka 18 hapana, Uingereza ndo sheria. Lakini nilimwambia pia ukweli wa moyo wangu, asilete. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vitanda hivyo kundi moja na sigara, Brazil wakapiga marufuku mwaka huohuo, na Australia karibu majimbo yote yalifunga biashara hiyo kuanzia 2015. Wenzetu wanavitoa, sisi tuviingize?

Makaratasi sitayarefusha: leseni ya kaunti, cheti cha zimamoto, mtungi wa moto wenye tarehe haijapita, usajili wa mahali pa kazi kwa ile sheria ya usalama kazini ya 2007, na boksi la huduma ya kwanza lenye vitu, si lenye risiti za mwaka juzi.

Kuanzia mwezi ujao tutatembeleana wawili wawili, bila kuarifiana, bisibisi mkononi na karatasi nyeupe. Asiyetaka aseme leo hapa mkutanoni. Duka langu la Tudor ndo la kwanza, njooni asubuhi kabla sijafungua.