Watafsiri wa muvi, tuachieni dakika za mwanzo

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi muvi nimezijulia kibanda umiza tangu niko darasa la tatu, kwa hiyo watafsiri nawaheshimu sana, bila wao tusingejua steringi kasema nini. Ila kuna kitu kinaniuma.

Jumamosi nilienda na mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, kuangalia Jaws, ile ya papa ya mwaka 1975. Inavyoanza ni usiku, vijana wamewasha moto ufukweni, dada mmoja anakimbilia majini anaogelea peke yake, jamaa aliyekuwa anamfuata kalewa yuko chini mchangani. Halafu kamera inaenda chini ya maji, unaiona miguu yake kwa chini inachezacheza, na ule muziki unaanza polepole, noti mbili tu zinajirudia. Hapo hapo mtafsiri akapaza sauti, papa huyo anakuja kumla huyo, na hakunyamaza tena mpaka sini ikaisha. Nilimwangalia mtoto, alikuwa anakula mihogo yake na hakuacha kutafuna hata yule dada alivyoanza kuvutwa huku na huku akipiga kelele. Papa mwenyewe huwa haonekani kabisa pale, kumwona vizuri mpaka ipite zaidi ya saa nzima, na baada ya zile kelele bahari inatulia kimya kama hakuna kilichotokea. Kile kimya ndio kinachokutoa jasho, na sisi hatukukisikia.

Najua kuna watu watasema sasa kasoro iko wapi, si kila mtu anajua ni muvi ya papa? Kujua wala sio tatizo jamani, tena hofu inatoka humo humo kwenye kujua. Chukulia Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya 1958, nyeusi na nyeupe. Kitu cha kwanza unachoonyeshwa ni mikono inaseti bomu la saa, jamaa analitia kwenye buti la gari anakimbia, mwenye gari anakuja na mwanamke wake wanaondoka zao hawajui lolote. Kuanzia ile mikono kamera haikatwi zaidi ya dakika 3, inapita juu ya mapaa inashuka mtaani, gari linasimama kupisha watu, linapitwa na mume na mke wanaotembea kwa miguu, wote wanafika mpakani mwa Mexico na Marekani, yule mwanamke garini analalamika kuna kitu kinamlia tiki tiki kichwani na askari hamjali. Umeshajua kila kitu, kazi yako ni kusubiri tu, na kusubiri ndiko kunakouma. Ukiongelewa juu yake husubiri tena, unasikiliza stori.

Na hiyo hiyo muvi studio yake iliiharibu, walibandika majina ya waigizaji na muziki mzito juu ya ule mwanzo wote. Welles aliwaandikia kurasa 58 za malalamiko kuhusu muvi nzima, akafa 1985 hajatimiziwa, mpaka 1998 ndio ikaeditiwa upya kwa kufuata zile kurasa, majina yakatolewa pale, ukabaki muziki wa kwenye mabaa na redio ya lile gari, kwa hiyo unalisikia gari lenye bomu likisogea na likienda mbali hata kama hulioni.

Ndio maana nawaomba watafsiri wetu, na stesheni za tivii zinazopitisha matangazo chini ya skrini muvi ikianza, zile dakika 4 au 5 za kwanza ziacheni zilivyo. Kama kuna neno la lazima liseme kwa sauti ya chini halafu nyamaza. Mtoto nimemwahidi tutaiangalia tena nyumbani, bila sauti ya mtu.

Msomaji wenu,
Mwanza