Zulia ulilofua mwenyewe ndilo linalotutoa jasho

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, alitupigia simu kwa hasira. Zulia la futi tano kwa nane tunalifua kwa 15,000, yeye akaandikiwa 25,000. "Yaani mnanichaji elfu kumi zaidi kwa zulia nililofua mwenyewe mwezi uliopita? Si ndiyo lingekuwa rahisi?" Ni mteja wa nne mwaka huu kuniuliza hivyo, na wote walininunia, kwa hiyo naeleza hapa mara moja.

Zulia chafu ambalo halijawahi kuguswa na sabuni ni kazi nyepesi. Tunalipiga mgongoni mpaka vumbi liishe, tunafua, tunasuuza mara mbili, linaingia kwenye mashine ya kukamua, linapanda kichanjani. La mama wa Ilazo lilikuwa na sabuni ya unga iliyokaukia kwenye mashina ya nyuzi. Tulimwaga maji matupu, hatujatia kitu, likaumuka povu kama togwa iliyochacha. Tulilisuuza mara sita. Kila msuuzo unakula kama lita 100, na wiki hiyo bomba lilikuwa kavu, tunanunua maji ya boza. Elfu kumi yake iliishia hapo, na bado sijahesabu mikono ya vijana.

Wengi hawajui kwamba sabuni isiyosuuzwa ikikauka inaacha unato, na unato unashika vumbi. Ndiyo maana mtu anasema, "Nilifua Jumamosi, Jumatano limeshakuwa jekundu." Na maji yetu yanachangia. Visima vingi vya hapa Dodoma vina maji magumu, povu halipandi, basi mtu anaongeza kopo la pili, la tatu, kwa sababu bila povu haamini kama kinachofanyika ni kufua. Sabuni yote hiyo inabaki mle.

Halafu kuna kukausha. Kwa kweli sehemu kubwa ya bei yetu ni kukausha, kwa sababu kusugua hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Watu wanatuambia Dodoma ni kukavu, jua la bure, upepo wa bure, siku mbili nzima mnafanyia nini? Huo upepo wa bure ulimponza kijana mmoja wa Kisasa. Mwezi wa nane alifua zulia la manyoya, akalitundika kwenye ukuta wa fensi likiwa linachuruzika, akaenda kazini Mtumba. Anajua kila mtu anayekaa huku upepo wa mwezi wa nane unabeba nini. Jioni alikuta upande mmoja umepakwa tope lililoshakauka, na katikati pana mkunjo pale lilipokalia ukuta, maana zulia likilowa uzito wake wote unaning'inia sehemu moja. Tope tulilitoa. Mkunjo upo mpaka leo.

Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kosa ni jingine. Mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu alifua la sebuleni mwezi wa kwanza, akashika juu kwa kiganja, kavu, akalitandika na kurudisha makochi. Nyuzi zilikuwa kavu kweli. Mgongo ulikuwa mbichi. Zulia hukauka kuanzia juu, na maji yaliyo chini yakipanda yanabeba uchafu wa kwenye shina, ndiyo maana doa la chai ulilolitoa linarudi siku ya pili likiwa na ukingo wa kahawia. Likibaki na unyevu siku mbili tatu, ukungu unaanza. Alipotuita, uvundo tuliupokea mlangoni, na chini ya kochi palikuwa na madoa meusi. Alishapulizia marashi, chupa nzima. Marashi na uvundo vikichanganyika, afadhali uvundo peke yake.

Sitaki hata kuongelea sana wanaopeleka zulia panapooshewa magari. Ile presha imetengenezwa kwa ajili ya bati na rangi ya gari. Mgongo wa mazulia mengi umeshikwa kwa gundi, na presha ikipita karibu karibu gundi inaachia, kitambaa cha nyuma kinabanduka, kisha kila ukifagia unaokota unga mweupe. Tumeletewa mawili ya namna hiyo. Tuliyarudisha bila kuchukua hata shilingi, kwa sababu hatuna la kufanya.

Kama lazima ufue nyumbani, na najua mtafua tu, basi fua kwa povu, maji yasiingie ndani. Piga zulia kwanza pande zote mbili, uchoke kweli. Koroga sabuni ya maji kidogo kwenye beseni mpaka povu lijae, chota povu peke yake kwa sponji, sugua kipande kidogo kidogo. Futa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yenye siki kidogo na kukamuliwa, rudia mpaka kitambaa kisiteleze. Kisha kandamiza taulo kavu, ulikanyage kabisa. Lisianikwe juani likiwa limelala kwenye saruji; linyanyue juu ya viti vya plastiki, kivulini, hewa ipite chini, na feni kama umeme upo. La sufi usilithubutu, lete.

Kujua kama limekauka, usiamini kiganja. Usiku tandika kipande cha nailoni juu yake, weka kitu kizito pembeni pembeni. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, bado. Sisi hatutoi zulia kabla ya hapo, hata mteja awe amesimama getini na bodaboda inamsubiri. Kiangazi ni siku moja na nusu, wakati wa mvua ni tatu, na anayekuahidi kulirudisha jioni ileile anakurudishia na maji yake.

Tangu simu ile tumebadilisha kitu kimoja. Kijana anayekuja kuchukua zulia anabeba chupa ya maji. Anamwaga kikombe kimoja kwenye kona, anasugua kwa mkono mbele yako. Likitoa povu, bei ya pili anaitaja hapohapo mlangoni, ukikataa analiacha. Mama wa Ilazo tulimfanyia hivyo kwa zulia lake la chumbani, akacheka mwenyewe, akasema tuchukue. Ile elfu kumi ya kwanza bado ananidai.